Umaskini wa mkulima wetu unatengenezwa kati ya mwezi wa sita na wa nane

Mwana wa Kifuku (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Jambo lenyewe nimeliishi tangu utotoni na linaniuma mpaka leo.

Kila tukizungumzia namna ya kupunguza umaskini Tanzania, maneno yanaanzia kwenye mbolea na kuishia kwenye trekta. Mkulima aongeze eka, apande mbegu bora, avune zaidi, basi atatoka. Mimi ni mzaliwa wa Namtumbo, mkoa wa Ruvuma, na kwetu mahindi si kitu adimu. Nimeona kwa macho yangu mtu anavuna magunia thelathini mwezi wa sita, halafu mwezi wa pili anamtuma mtoto kwa jirani na bakuli. Kulima aliweza. Kilichomshinda ni kubaki na mahindi yake mpaka mwezi huo.

Nawapa hesabu ya nyumbani kwetu, msimu wa 2022, maana hiyo naijua hadi debe la mwisho.

Januari mama alilazwa. Ndani hakukuwa na kitu, na kipindi kile cha kifuku, yaani majira ya mvua, karibu kila nyumba iko hivyo. Baba akaenda kwa mfanyabiashara mmoja wa pale kijijini, akapewa 200,000 kwa makubaliano kwamba tukivuna atachukua magunia manane. Riba haikutajwa, karatasi haikuandikwa. Mwezi wa sita gunia lilikuwa 48,000. Piga hesabu: mahindi ya 384,000 kwa mkopo wa laki mbili wa miezi mitano. Na hapo bado hatujagusa lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo.

Siku anakuja kupakia nilikuwepo. Gunia lilijazwa debe sita, likasimama wima lenyewe. Vijana wake wakaongeza debe la saba, wakalishindilia kwa mchi wa kinu chetu wenyewe. Kisha wakashonea kipande cha gunia jingine pale mdomoni kwa kamba ya katani, wakamimina nusu debe nyingine, juu pakatokeza kichwa kizima. Baba alikaa pembeni anahesabu kwa vidole, hasemi neno. Angesema nini, na deni ni lake? Magunia manane yakala debe sitini. Hayo ni magunia kumi ya halali.

Tulivuna 31. Kumi yakaenda kwenye deni. Kumi na mawili tukayauza mwezi wa saba kwa 48,000 hiyo hiyo, kwa sababu vibarua wa kuvuna walikuwa wanadai, mdogo wangu alikuwa na mahitaji ya shule, na paa la jikoni lilikuwa limeoza. Yakabaki tisa. Mawili wadudu wa dumuzi wakayageuza unga ndani ya gunia. Ukilinyanyua linakuwa jepesi kama la pumba. Matatu yakauzwa Novemba tupate mbegu na mbolea. Manne tukala, yakatufikisha mwisho wa Januari. Februari na Machi tulinunua debe kumi na mbili, kila debe 16,000, jumla 192,000. Maana yake magunia mawili tuliyonunua Februari yalitugharimu magunia manne ya Julai. Mahindi ni yale yale, ya bonde lile lile, pengine hata ya shamba letu.

Nyumba hiyo ukiipa mfuko wa mbolea wa bure, itavuna magunia 36 badala ya 31. Hayo matano ya ziada nayo yatapita njia ile ile.

Sasa tutoke Namtumbo tuitazame nchi. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ulionyesha kwamba asilimia 26.4 ya Watanzania walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, kutoka asilimia 34.4 mwaka 2007. Ni hatua, sibishi. Lakini kwa kuwa tunaongezeka haraka, idadi ya watu maskini yenyewe haikupungua, ilitoka kama milioni 13 ikafika kama milioni 14. Vijijini ilikuwa asilimia 31.3, Dar es Salaam 8. Julai 2020 Benki ya Dunia ikatupandisha kutoka nchi za kipato cha chini kwenda kipato cha kati cha chini. Nilifurahi kama wengine, ila baba yangu siku hiyo alikuwa anashonewa lumbesa.

Fedha za kilimo zimeongezwa kweli: bajeti ya wizara ilikuwa bilioni 294 mwaka 2021/22, mwaka uliofuata ikapanda hadi bilioni 954. Ruzuku ya mbolea iliyoanza Agosti 2022 ilishusha mfuko wa DAP kutoka karibu 130,000 hadi 70,000. Nashukuru kwa hilo kutoka moyoni. Lakini mbolea inatakiwa Oktoba na Novemba, na mkulima fedha anakuwa nayo Julai. Kufikia Novemba hata hiyo 70,000 anaitafuta kwa kuuza chakula cha watoto, kama sisi tulivyouza yale matatu.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Mkulima analipwa mara moja kwa mwaka, na madeni yake yote yameiva siku hiyo hiyo anayolipwa. Ukitaka kupunguza umaskini vijijini, shughulika na kalenda hiyo: mahali pa kutunzia mazao, mzani, na mkopo unaokuja wakati wa mavuno badala ya kumfuata akiwa amelala njaa. Karibuni tujadili.

Binti Mbozi

Kaka, nakazia. Ila umesahau kitu kimoja, ni nani anayeuza? Kwetu Songwe mama analima, anapalilia, anavuna, anapukuchua. Gunia likishashonwa tu linakuwa la baba. Mama yangu alikuwa akificha debe tatu nne za mahindi kwenye mtungi nyuma ya kuni, na hizo ndizo zilizotufikisha mwezi wa tatu. Mnaposema ghala, semeni pia ufunguo anakaa nao nani.

Msafirisha Mazao

Mleta uzi, mimi niko upande mwingine wa gunia, miaka kumi na minne sasa. Naomba nisikilizwe bila kutukanwa.

Lumbesa haikuzaliwa na roho mbaya tu. Gari likikodiwa, mara nyingi unalipia kwa gunia. Wapakiaji wanalipwa kwa gunia. Sehemu nyingi hata ushuru wa mazao unahesabiwa kwa kichwa cha gunia. Sasa kila anayehesabu gunia anamfundisha mnunuzi kulijaza zaidi. Mimi nikibeba la kilo 100 na mwenzangu akabeba la 130, tukifika sokoni Kibaigwa au Dar yeye kashaniacha mbali kwa gharama. Sheria ya vipimo ipo, inataka mazao yapimwe kwa mzani na gunia lisizidi kilo 100. Lakini huwezi kuisimamia kwa kumvizia mkulima barabarani na kumtoza faini, wakati mnunuzi aliyejaza yuko mjini. Toza ushuru kwa kilo, lipa gari kwa kilo, utaona lumbesa inajifia.

Na kuhusu kukopesha kwa mahindi: anayekopesha naye hupoteza. Mtu anahama, mtu anakufa, mvua inakatika. Sisemi mara mbili ni haki. Nasema kama kungekuwa na wakopeshaji wengine pale kijijini, asingethubutu kusema magunia manane.

Mwana wa Kifuku

Mkuu, nakushukuru kwa uungwana. Hilo la ushuru na usafiri kuhesabiwa kwa gunia sikuwahi kulifikiria hivyo, na naona ni kweli tupu. Na hilo la mwisho ndilo hasa: pale kwetu mkopeshaji alikuwa mmoja. Wengine ni hawa wa kausha damu wanaokuja kwa pikipiki, wanataka rejesho kila wiki. Mkulima wa mahindi rejesho la kila wiki analitoa wapi?

Dada wa Mbozi, umenigusa. Nitarudi kwenye suala la ufunguo.

Mkulima wa Kiteto

Wakuu, msiwadanganye watu. Mimi nilitunza. Mavuno ya 2023 bei ilikuwa nzuri, nikasema nisubiri Februari kama 2023 ilivyokuwa, nitapata mara mbili. Nikaweka magunia 60, nikanunua dawa, nikalipa mlinzi. 2024 ikaja na mahindi mengi, bei ikashuka badala ya kupanda, nikauza chini ya ile niliyoikataa. Kutunza nako ni kamari.

Bwana Shamba

Kiteto, pole sana ndugu yangu. Usemalo ni sahihi na ndiyo maana huwa nawaambia wakulima watenganishe magunia ya aina mbili tangu siku ya kuvuna. Ya chakula hayana kamari: bei ipande ishuke, hutayanunua. Hayo tunza yote, tena kwanza. Ya biashara ndiyo ugawe: sehemu uza mapema ulipe madeni, sehemu acha. Anayeweka yote sitini akisubiri Februari anafanya kazi ya mfanyabiashara bila mtaji wa mfanyabiashara.

Kuhusu dumuzi. Mdudu huyu si wa asili kwetu, alitokea Amerika ya Kati, akaonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na watu wakamwita skania, jina la lile lori. Kihenge cha asili hakimuwezi, na dawa ya unga inachoka. Mfuko wa kinga njaa, huu wa tabaka tatu, plastiki mbili ndani na gunia la kawaida nje, unafanya kazi kwa kumnyima hewa. Hauhitaji dawa yoyote. Ila watu wanaukosea. Mahindi yakiwa na unyevu, ndani ya mfuko yataota ukungu, na ukungu ndio mama wa sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara 2016 na iliyofanya Kenya isimamishe mahindi yetu Machi 2021.

Kupima ukavu hakuhitaji mashine. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi theluthi moja, ongeza vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa juani, funga, tikisa dakika kadhaa, acha itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, rudisha mahindi kwenye turubai. Ikibaki chini bila kushika, jaza mfuko. Jaza huku unashindilia pembe, kamua hewa yote, sokota shingo ya plastiki ya ndani, ikunje, ifunge kwa mpira. Fanya hivyo na ya pili, kisha gunia la nje. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta, na ziba matundu ya panya, maana panya akitoboa umerudi mwanzo. Usifungue fungue kuonja.

Jirani wa Bungoma

Ndugu zangu, salamu kutoka upande huu wa mpaka. Haya mnayoyasema ni yetu pia. Hapa gorogoro ya mahindi, kopo letu la kupimia, wakati wa mavuno ni kitu cha kutupa, ikifika mwezi wa tano unaishika kama dhahabu.

Nataka niwaeleze jambo lililofanyika hapa kwetu kati ya 2012 na 2014. Shirika la One Acre Fund, pamoja na watafiti wa chuo kikuu, liliwapa wakulima mkopo wakati wa mavuno, mahali pa ule wa kupanda tuliouzoea. Magunia yao yaliwekwa alama yakawa ndiyo dhamana, yakakaa nyumbani kwao. Mtu akalipa karo na madeni kwa mkopo, mahindi yakabaki, akauza bei ilipopanda. Walipata faida. Na lililonishangaza zaidi ni hili: mahali ambapo wakulima wengi walipewa mkopo huo, bei ya wakati wa mavuno haikuanguka sana kama kawaida, kwa sababu si wote waliokimbilia soko siku moja. Hata jirani ambaye hakukopa huenda alinufaika.

Mwana wa Kifuku

Jirani, Mungu akubariki. Nimekuwa nikilisema hili kama mtu wa kijijini tu, sikujua kwamba kuna mahali limejaribiwa likapimwa. Hebu tulilete hapa kwetu: mkopo wa Juni, dhamana magunia, marejesho Februari. Benki zetu na SACCOS zinakopesha Oktoba na kudai Juni, yaani zinamsukuma mkulima kuuza siku ambayo bei iko chini kabisa.

Mkorosho Mkavu

Mbona hamtaji stakabadhi ghalani? Hiyo ndiyo dawa na tunayo tangu sheria ya 2005. Sisi wa Mtwara tulianza nayo kwenye korosho msimu wa 2007/08. Unapeleka chama cha msingi cha ushirika, inapimwa kwa mzani, unapewa karatasi yako, mzigo unakwenda ghala kuu, wanunuzi wanashindana mnadani. Msimu wa 2017 korosho ilivuka 4,000 kwa kilo. Kabla ya hapo tulikuwa tunaibiwa kwa kangomba, mtu anakupa fedha ya msiba leo, anachukua korosho yako kwa bakuli baadaye.

Tunduru Kwetu

Mkorosho, malizia hadithi basi. 2018 wanunuzi walikuja na bei ya chini, wakulima wakagoma, Novemba Serikali ikasema itanunua yenyewe kwa 3,300 na jeshi likatumwa kusomba. Bei ilikuwa nzuri kwenye karatasi, lakini kuna watu walisubiri malipo miezi na miezi, mpaka msimu wa kupalilia umepita. Mkulima asiyelipwa kwa wakati anarudi kwa kangomba, hata kama mnada ni wa haki namna gani.

Ila na mimi nitakuwa mkweli. Mbaazi zetu mwaka 2017, India ilipoweka kikomo cha kuziingiza, ziliporomoka bei mpaka wengine tukaziacha shambani zikapukutika. Leo ufuta na mbaazi za Ruvuma zinapita mnadani, bei inatangazwa hadharani, na hata mtoto wa darasa la tano anaijua. Hilo zamani halikuwepo.

Mwana wa Kifuku

Nawajibu wote wawili pamoja, kwa sababu wote mko sahihi na hapo katikati yenu ndipo penye kazi.

Stakabadhi imeleta mzani, na imeleta bei ya wazi. Hayo ni makubwa kuliko watu wa mjini wanavyodhani. Lakini karatasi ile ilikusudiwa iwe pia dhamana: unaipeleka benki, unapewa sehemu ya thamani leo, iliyobaki baada ya mnada. Kwa mkulima wa kawaida wa kwetu hiyo kazi ya dhamana haipo. Anapewa karatasi anakwenda nayo nyumbani, anaiweka chini ya godoro, anasubiri. Mtoto akiugua katika wiki hizo tatu, nne, anayemsaidia ni yule yule wa magunia manane. Msimu mmoja chama chetu cha msingi kilichelewesha malipo ya ufuta kwa makato ambayo hakuna aliyeyaelewa, na nakumbuka mama mmoja jirani yetu akiulizia makato yale kila siku ya gulio, akiwa na karatasi yake ameikunja ndani ya upindo wa kanga. Alikuwa anadai laki moja na arobaini.

Pia tusiyasukume mahindi yote huko. Ufuta huli. Mahindi ndiyo chakula, na ghala la mbali ukishapeleka chakula chako huna tena cha kusaga kesho. Kwa mahindi mimi nataka ghala dogo la kitongoji, au hata mifuko mitano kila nyumba.

Na ugonjwa. Ukirudi kwenye hesabu yangu utaona mzizi wa yote ni kitanda cha hospitali Januari. CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii, ilikuwa 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Chini ya gunia moja la Julai! Baba hakuwa nayo kwa sababu wahamasishaji walipita Desemba, akasema ngoja tuvune, na tulipovuna hawakupita. Sasa tunaelekea bima ya afya kwa wote, ninawaomba wanaoipanga, kama wanapita humu, wakusanye michango vijijini Juni hadi Agosti. Mbolea vivyo hivyo, mkulima aruhusiwe kulipia Julai, achukue Oktoba.

Binti Mbozi

Ulisema utarudi kwenye ufunguo, kaka.

Mwana wa Kifuku

Nimerudi, dada. Mwaka huu nilipoenda nyumbani nilikaa na wazee wangu jioni, nikaweka mezani hesabu ile niliyowaandikia hapa. Baba aliisikiliza yote, akanyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mahindi ya kula atunze mama yenu." Tumenunua mifuko saba. Chumba kilichokuwa cha kaka kina chaga sasa, na ufunguo uko shingoni kwa mama.

Mzani tumechanga kaya tisa, wa kutundika, tumeufunga kwenye tawi la mwembe uani kwetu. Fundi alipomaliza kuurekebisha, watu wakataka tuujaribu. Likaletwa gunia la lumbesa lililokuwa limeshonwa tayari kwa mnunuzi, kichwa kikiwa juu. Vijana watatu wakalinyanyua kulitundika kwenye ndoano. Kilo 131. Baba akasogea karibu, akasoma mwenyewe, akaniomba nimsomee tena kwa sauti.